Namna ya kufundisha kumbukumbu ili depresio isikurudie, vile mi nafanya hapa Goma

Mi depresio ilinishika mara mbili (wenzetu wa Tanzania wanaita sonona, ni ile ile). Mara ya kwanza nilisema ni uchovu, ni maisha ya Goma, nani hapa hachoke, halafu nikapona kwa dawa na kwa kuongea na psikologu, nikarudi darasani kufundisha, nikasema imekwisha. Mara ya pili ikaingia polepole, kama maji inaingia ndani ya nyumba ya mbao usiku na we umelala, unashtukia tu godoro imelowa. Hapo njo nikaelewa kitu muganga (daktari) alikuwa ananiambia kila mara nami naitika tu ndiyo ndiyo: huu ugonjwa unapenda kurudi. Kati ya watu wanaopona mara ya kwanza karibu nusu unawarudia siku moja, na kila ukirudi unakuwa unajua njia zaidi. Kwa hiyo kupona ni kazi moja, kubakia umepona ni kazi ingine, na hii ya pili wengi wetu hatufundishwi.

Naandika kwa mtu ambaye amepona ao anaendelea vizuri. Kama sasa hivi uko chini kabisa, haulali, chakula hakipiti, ao mawazo ya kufa inakujia, usianze na haya mazoezi. Anza na mtu. Mwambie mtu moja leo hii hii, akusindikize hospitali. Hapa Goma tuko na kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, Lubumbashi kuna Centre Joseph Guislain, na hata kituo cha afya cha karibu na kwako wanaweza kukuelekeza. Na kama uko kwa dawa usiache dawa juu umeanza kuandika kwa kaye (daftari), hivi vitu viwili vinatembea pamoja, kuacha dawa ni muganga anapanga na we, polepole.

KWANZA UELEWE KUMBUKUMBU INAINGIA WAPI

Mwaka 1986 kule Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent walichukua watu waliokuwa wamejaribu kujiua, wakawapa neno, tuseme "furaha", wakawaomba wakumbuke siku moja kuhusu hilo neno. Kitu chepesi hivi, unafikiri. Lakini wale watu mara nyingi walijibu kwa jumla jumla, mambo ya siku nyingi yamekunjwa pamoja, siku moja yenye saa na fasi ilikuwa inawakatalia, na zaidi kwa maneno mazuri. Wengine wakaendelea kuchunguza na wakaona ni vile kwa depresio, na mara nyingi hiyo tabia inabakia hata mtu akishapona, na mwenye nayo ndiye ugonjwa unamkawia ao unamrudia zaidi.

Niliposikia hii nilinyamaza kwanza. Juu nilijijua. Wakati wa ugonjwa ukiniuliza maisha yangu ningekuambia "siku zote nimekuwa mzigo", "nyumbani kwetu hakukuwa raha", "wanafunzi hawanipendi". Siku zote, kila mara, hakuna, wote. Hayo maneno njo depresio inakula. Maisha yote inakuwa ukungu moja kama ule unafunika Nyiragongo asubuhi, unajua mlima uko pale lakini huoni hata jiwe moja.

Sababu ziko tatu hivi. Ya kwanza, ukianza kukumbuka unateleza kwa kuwaza kwa nini mimi, kwa nini mimi, na unabakia huko huko juu, hushuki mpaka kwa siku yenyewe. Ya pili, akili inakimbia siku zinazouma, sasa ili isikanyage ile moja inaacha kushuka kwa zote, nzuri na mbaya. Ya tatu, kichwa kimechoka tu, kutafuta siku moja ndani ya maelfu inaomba nguvu. Hii ya pili watu wa huku tunaijua sana. Mtu amekimbia vita mara ngapi, amekimbia lava ya Nyiragongo 2002, amekimbia tena Mei 2021, ukimuuliza anakuambia "tuliteseka" anafunga mdomo. Simlaumu, mi pia nafunga. Lakini mlango ukifungwa hivyo, na ile siku mama alicheka mpaka akalia inabakia huko ndani gizani pamoja na zingine.

Kuna habari nzuri: kushuka kwa siku moja ni kitu kinafundishika. Filip Raes na wenzake kule Leuven, Ubelgiji, walitoa mazoezi yake mwaka 2009. Na kuna kazi moja iliyotoka 2013 inanigusa sana, walifanya na vijana 23 wa Afghanistan waliokuwa wakimbizi Iran, waliofiwa na baba zao kwa vita. Nusu hivi walifundishwa kukumbuka siku moja moja, wiki tano, kikao kimoja kwa wiki. Miezi miwili baadaye waliofundishwa walikuwa na dalili za depresio kidogo kuliko wenzao. Hawakupewa nyumba wala kurudishiwa baba zao, walifundishwa kukumbuka tu. Mi nasema kama ilisaidia kijana wa Afghanistan ukimbizini, mtu wa Goma asikatae kujaribu.

HATUA YA 1: KAYE, BIKI, NA SAA

Kaye ya kawaida ya shule. Sikushauri uandike kwa simu, ujumbe utaingia na utaenda nao. Dakika 15 mpaka 20, siku tano kwa wiki, mchana ao jioni ya mapema. Usifanye kitandani usiku, kitandani kumbukumbu inageuka kuwaza haraka sana. Mi nafanya saa kumi na moja jioni nikishatoka shuleni, nakaa kwa mlango nikingoja bugali ivie.

HATUA YA 2: NENO MOJA, SIKU MOJA

Andika neno. Halafu tafuta siku MOJA, isipite siku moja. Uandike ilikuwa wapi, saa gani hivi, nani alikuwepo, jicho liliona nini, kulikuwa na sauti gani, harufu gani, mwili wako ulisikia nini. Kisha kwa neno lile lile tafuta siku ingine tofauti. Mbili kwa kila neno, hii ya pili njo inafanyisha akili kazi ya kweli.

Nikuonyeshe ukurasa wangu wa wiki ya kwanza. Neno lilikuwa "mama". Niliandika: "Mama alinipenda, alikuwa anatufanyia kila kitu." Hiyo si siku. Nikafuta. Nikaandika: "Jumapili tulikuwa tunaenda soko na mama." Bado si siku, ni jumapili mia moja. Nikafuta tena, nikakaa pale karibu dakika tano na hasira, halafu ikatoka: Kituku, soko ya kando ya ziwa, niko na miaka kama tisa, mvua imetushika mashua ndiyo inafika, mama anafungua kitenge chake cha juu, cha njano kiko na ndege, ananifunika kichwa na mabega, yeye analowa, na chini ya kile kitenge kuna harufu ya sambaza (samaki wadogo) mbichi na sabuni. Mwanamke mwenye kuuza anamwambia mama utagonjwa, mama anajibu "mi nilishakomaa". Basi. Nililia kidogo lakini hakikuwa kilio cha ugonjwa, na ile sentensi ya jumla "mama alinipenda" miaka yote ilikuwa haijawahi kunigusa hata kidogo.

Usianze na maneno makubwa. Wiki ya kwanza chukua maneno yasiyo na uzito: chumvi, kiatu, mvua, daraja, muhindi (ile ya kula), ufunguo. Wiki ya pili ingiza mazuri: kucheka, kushinda, rafiki, zawadi. Mabaya yangojee wiki ya tatu. Ukikwama, jiulize maswali ya kijinga: nilivaa nini? nilifika na miguu ao na moto (pikipiki)? kulikuwa na umeme? Maswali ya kijinga yanafungua kuliko ya akili.

Watu wengi wanaandika pia vitu walivyofikiri wakati ule, hakuna shida, lakini kwanza kilichoonekana. Na siku ya jana ni siku pia. Ukikosa za zamani andika jana, kuna wiki mi niliandika jana tupu.

HATUA YA 3: SIKU MBAYA, LAKINI NDOGO

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mazoezi haya siyo ya kufungua vita, ubakaji, kifo cha mtoto, usiku wa kukimbia. Hayo yanafunguliwa na mtu aliyesomea, ameketi mbele yako. Kama kumbukumbu inakuja yenyewe na nguvu, moyo unapiga, unaona kama iko inatendeka sasa, funga kaye, simama, osha uso, taja kwa sauti vitu vitano unaona pale ulipo, na uende umwambie psikologu, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine na uko na matibabu yake.

Chukua siku mbaya ndogo. Mkubwa wa kazi alikukaripia mbele ya watu, nguo ilipasuka, chakula kiliungua na wageni wako kwa mlango. Uandike NINI kilitokea, kikafuata nini, kikaisha namna gani. Usiandike kwa nini. "Kwa nini" inakurudisha juu kwa ukungu: kwa nini mi niko hivi, kwa nini kila mara mimi. "Nini" inakuweka chini. Mi niliandika siku moja mzazi wa mwanafunzi alinitukana kwa uwanja wa shule, na nilipoiandika kwa mpangilio nikaona jambo nilikuwa nimelisahau kabisa, ya kwamba baada ya yule mzazi kutoka, mwalimu wa darasa la tano alikuja na kiti chake, akakaa kando yangu, hakusema neno, akanimenyea chungwa. Miaka minne nilikuwa nabeba ile siku bila chungwa.

HATUA YA 4: NJIA YA KUBEBEA SIKU NZURI

Hii njo nataka ushike zaidi ya zote, juu hapa ndipo kinga yenyewe iko. Shida ni hii: siku nzuri unazikumbuka ukiwa mzima, ukianza kushuka akili haizioni tena, inakuletea zile zinafanana na ile hali yako. Lazima uziweke mapema fasi unaweza kuzifikia hata gizani.

Mbinu ni ya zamani sana, Wagiriki na Warumi walikuwa wanaitumia kukumbuka hotuba: unachukua njia unaijua kwa miguu, kwa kila kituo unaweka kitu kimoja. Mwaka 2013 Tim Dalgleish na wenzake kule Cambridge walijaribu hiyo na watu 42, wenye depresio na waliopona. Kila mtu alichagua kumbukumbu 15 nzuri za maisha yake. Wengine waliziweka kwa njia hivyo, wengine walizikariri tu kwa makundi. Siku ile wote walizikumbuka vizuri. Wiki moja baadaye wakapigiwa simu bila kutarajia: waliotumia njia bado walikuwa nazo, waliokariri zilikuwa zimeanza kuwapotea.

Fanya hivi. Chagua njia unayopita kila siku, isiwe ile uliyokimbilia siku mbaya. Hii ni muhimu kwetu, mi kuna barabara moja siwezi kuitumia mpaka leo. Hesabu vituo kumi, kwa mpangilio, usiruke. Vyangu ni: mlango wangu, ukuta wa mawe ya lava, robine ya maji, kibanda cha kuuza unite za simu, mama wa mandazi, farmasi, fundi wa cherehani, kanisa, fasi motari, wale wa pikipiki, wanangojea, na mwisho Rond-point Tshukudu, ile sanamu ya dhahabu ya mwanaume na chukudu yake (kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo).

Halafu chukua siku kumi kutoka kwa kaye, zile zinakuonyesha we ni mtu wa maana kwa mtu fulani ao ulifanya kitu kikawezekana. Kila moja iweke kwa kituo, na siyo kuiweka tu kama karatasi, iache ifanye kitu pale. Kwa robine nimeweka siku jirani alinibebea bido yangu ya maji ya lita ishirini mpaka nyumbani juu aliniona nimevimba miguu, sasa kwa akili naona robine yenyewe inaota miguu, inanifuata. Kwa fundi wa cherehani kuna mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza aliyekataa kusoma miezi sita, ameketi juu ya mashine, anasoma kwa sauti neno "ndizi", mguu unakanyaga. Na juu ya ile chukudu ya dhahabu kuna papa (baba yangu) na koti lake la kijani, ameketi hapo juu, miguu inaning'inia, anakula muhindi ya kuchoma na anashika ingine yangu. Hiyo ni siku matokeo ya Exetat (mtihani wa mwisho wa sekondari) ilitoka nami nikapita, alinisubiri kando ya barabara tangu asubuhi, ile muhindi ilishapoa. Kadiri picha ni ya ajabu njo inakaa.

Tembea njia kwa akili mara moja asubuhi mara moja jioni, wiki mbili. Kisha jipime: anza katikati, rudi nyuma, ruka ya nne uone kama unaikosa. Ukipita kule kwa miguu kweli, angalia kila kituo. Baada ya mwezi mara mbili kwa wiki inatosha.

HATUA YA 5: KUITUMIA WAKATI MAMBO INAANZA

Ujue dalili zako za mapema na uziandike nyuma ya kaye ukiwa mzima. Zangu: siitike simu ya dada yangu, vyombo vinalala havijaoshwa siku mbili, na naanza kusema "siku zote". Mbili zikikutana natembea njia siku ile ile.

Mwaka uliopita kuna mchana nilikaa kwa kitanda na kiatu kimoja, kingine nimekishika, sijui ni nusu saa ao zaidi. Wazo lilikuwa "sijawahi kumfaidia mtu." Nikaanza kwa mlango. Kwa mlango hakuna kitu, kwa ukuta wa mawe hakuna kitu, nilijua kumbukumbu iko pale lakini haina rangi. Nikaendelea tu. Kwa mama wa mandazi ikaanza kuwa na harufu. Kwa fundi nikasikia "ndizi". Sikupata furaha, naomba usingoje furaha, nilipata tu kwamba lile neno "sijawahi" siyo kweli, kuna mtoto moja. Nikavaa kiatu cha pili, nikampigia dada, na jumanne nilikuwa mbele ya muganga. Mara ya pili ya ugonjwa ilinichukua miezi mitatu kufika mbele ya muganga.

Kuna mtego hapa. Ukiwa chini, siku nzuri inaweza kuuma: "ona vile nilikuwa, ona sasa." Hiyo ni kulinganisha, na ukilinganisha afadhali usitembee. Ingia ndani ya siku yenyewe, mvua, kitenge, harufu, usisimame nje unaiangalia kama picha ya mtu mwingine. Ikikataa, acha, fanya kitu cha mikono, rudia kesho.

Tena sitaki nikudanganye: katika tafiti faida ya haya mazoezi inaonekana zaidi karibu na wakati watu wameyafanya, miezi ikipita inafifia. Siyo chanjo. Kwa hiyo mi sijaacha, na bado naonana na psikologu, bado nalala saa zangu, bado natembea kwa miguu asubuhi.

HATUA YA 6: KUBADILISHA KILICHOHARIBIKA

Hii sikuambiwa na mtu, niligundua tu. Kumbukumbu nzuri inaweza kuharibika. Kituo changu cha nane, kwa kanisa, kilikuwa na siku ya ndoa ya rafiki yangu, nilikuwa msimamizi wake, tulicheza mpaka asubuhi. Mwaka huu tuligombana vibaya, na kila nikifika pale kwa akili nilikuwa natoka na hasira. Nililazimisha wiki nzima, haikufaa. Ukiona hivyo usibishane nayo, itoe. Ifunge ndani ya kaye, iache huko, labda siku moja itarudi nzuri. Weka ingine, lakini ya fasi tofauti na watu tofauti ili zisichanganyike, na uipe siku kumi ya kuitembelea peke yake kabla ya kuiingiza kwa njia pamoja na zingine. Sasa kwa kanisa nimeweka ile chungwa. Mwalimu wa la tano ameketi kwa ngazi na kiti chake, anamenya, ganda inashuka ndefu mpaka kwa barabara, na motari wanaikwepa.